Mji Usiouza Kiwanja



Katika mji wa Magadi huwezi kununua kiwanja. Unaweza kuzaliwa pale, ukasomea pale, ukaajiriwa, ukaoa na kulea watoto, lakini ukitaka kipande cha futi hamsini kwa mia ujenge nyumba yako mwenyewe, hakuna wa kukuuzia. Ardhi ya mji imo ndani ya mkataba wa kampuni, na kampuni ndiyo yenye nyumba. Jambo hilo ndilo limenifanya niichague Magadi kwa mazungumzo yetu ya leo, maana kila ninapolifikiria naona kwamba mambo mengine yote ya mji huu yametokana nalo.

Kwa wale ambao hawajafika huko, tuanze na njia. Unatoka Nairobi kupitia Kiserian, unapita Kona Baridi kwenye bega la vilima vya Ngong, na kuanzia hapo barabara inateremka tu. Unapita Oltepesi, unapita Olorgesailie, pale ambapo mashoka ya mawe ya watu wa kale yamelala juu ya ardhi kama yalivyoachwa, na bado unateremka. Ukifika ziwani umeshuka zaidi ya mita elfu moja. Koti ulilovaa asubuhi umekwisha livua zamani. Huko chini jua halina huruma, na mchana kipimajoto kupita digrii 35 si habari ya kumsimulia mtu. Miti ni ya miiba, vivuli ni haba, na mbele yako limetandaa ziwa jeupe ambalo mgeni akiliona kwa mbali hudhani ni maji yaliyoganda.

Si maji. Ni magadi. Ziwa hili halina mto unaolitoa maji kwenda kwingine. Chemchemi za moto za kandokando huleta maji yaliyojaa chumvi za sodiamu, jua huyakausha, na kinachobaki ni ganda gumu liitwalo trona, ambalo mahali pengine limeshuka kina cha makumi ya mita. Kwenye chemchemi hizo huishi samaki mdogo wa jamii ya tilapia, anayevumilia maji yenye joto la digrii 40 na ukali wa magadi ambao ungewaua samaki walio wengi. Wataalamu wa viumbe wamekuja kutoka mbali kumchunguza. Heroe nao huja kwa maelfu. Mwaka 1962 walitaga hapa kwa wingi usio wa kawaida, na magadi yakaanza kuganda miguuni mwa makinda kama pingu, hadi watu, akiwamo mtaalamu wa ndege Leslie Brown, wakaingia ziwani kuyavunja ili makinda yaweze kutembea. Nawataja heroe na samaki kwa sababu ndio wanaojulikana. Wapiga picha wanawajua. Mji wenyewe, wenye shule na hospitali na watu wanaoamkia zamu ya alfajiri, hutajwa kwa nadra sana.

Mji huo ulikujaje? Kampuni ya Magadi Soda iliundwa mwaka 1911. Mwaka huohuo serikali ya kikoloni iliwatia Wamaasai katika mkataba wa pili, baada ya ule wa 1904, na kwa mkataba huo waliokuwa Laikipia wakaondolewa kupelekwa kusini. Tuyaweke mambo haya mawili pamoja, msikilizaji, kwa sababu vitabu vingi huyatenganisha: watu walikuwa wakihamishiwa kusini kwa kuambiwa kwamba huko ndiko kwao, na wakati huohuo ziwa lililo huko kusini lilikuwa likikabidhiwa kampuni. Mfugaji wa Kimaasai alikuwa akiyajua magadi ya ziwa hili zamani, maana mifugo huhitaji chumvi. Hakuna aliyemwuliza.

Kisha ikaja reli. Ilitandazwa kutoka Konza, kwenye njia kuu ya Mombasa, ikapita Kajiado, ikateremka mpaka ziwani, kilomita 146, na ikakamilika mwaka 1915, vita vikuu vya kwanza vikiwa vimepamba moto. Reli ndiyo iliyozaa mji. Kilichohitajika kilikuwa njia ya kuifikisha bidhaa bandarini, na watu walihitajika ili bidhaa hiyo ipatikane. Nyumba zilifuata kazi. Maduka yakafuata nyumba, na shule ikafuata watoto. Kampuni ya kwanza ilishindwa kifedha, na mwaka 1924 ikaangukia mikononi mwa Brunner Mond ya Uingereza. Miaka miwili baadaye Brunner Mond ikaunganishwa na kampuni nyinginezo kuwa ICI, jina ambalo wazee wengi wa Magadi walilivaa kifuani maisha yao yote ya kazi. Mwishoni mwa 2005 wakaingia Tata, kutoka India. Watu walibaki palepale, na mwenye nyumba akabadilika zaidi ya mara moja, kila mara kwa mapatano yaliyofanywa mbali na Kajiado, kaunti uliko mji huu.

Sasa tuingie ndani ya mji. Kazi ya ziwani hufanywa na mtambo unaoelea, unaolikata ganda la trona, kulisaga na kulisukuma kwa mabomba hadi kiwandani. Huko huoshwa, hukaushwa, huchomwa kwa moto mkali mpaka likawa unga mweupe, kisha hupakiwa kwenye mabehewa kwenda Mombasa. Kioo cha dirisha lako, chupa ya soda na sabuni ya unga uliyofulia jana, vyote vinahitaji unga huo. Kazi haisimami usiku, kwa hiyo mji nao huishi kwa zamu. Kuna nyumba ambamo baba analala mchana na watoto wanajifunza kunong'ona, na kuna akina mama ambao wamepika chakula cha saa nne usiku kwa miaka mingi.

Kama ilivyokuwa katika miji mingine ya kampuni iliyojengwa enzi za ukoloni, nyumba zilipangwa kwa cheo, na siku zile cheo kilifuata rangi ya ngozi. Rangi imeondoka kwenye hesabu, cheo hakijaondoka. Katika mji wa namna hii mtu akipandishwa kazi huhamisha vyombo vyake mtaa mwingine, na jirani zake wa jana wanaona. Watoto wanajua nani ni nani kwa anwani tu. Hata hivyo nisiifiche sura ya pili, ambayo nadhani ndiyo inayowafanya waliolelewa Magadi waipende kwa moyo wote: pale Mluo, Mluhya, Mkamba, Mkikuyu na Mmaasai wamelala ukuta kwa ukuta vizazi hata vizazi. Watoto wao wamecheza mpira vumbi moja na Kiswahili kimekuwa lugha ya uwanjani. Nchi yetu imekuwa na miaka ya kuchomeana nyumba kwa sababu ya kabila. Ningependa watu wanaoandika juu ya umoja wa taifa waende wakaone namna mtaa wa wafanyakazi unavyoweza kuulea.

Lakini nataka tukae zaidi kwenye maji, kwa sababu maji ndiyo yanayoonyesha undani wa mji huu. Ziwa liko mlangoni na hakuna tone la kunywa. Maji matamu hutoka upande wa magharibi, kwenye ukuta wa bonde pale Nguruman, katika mto Oloibortoto, yakavutwa kwa bomba la kampuni kulivuka bonde lenye joto mpaka mjini. Bomba hilo huwanywesha wafanyakazi, hukipa kiwanda maji yake, na vilevile huwafikia wafugaji wa jirani. Treni ya magadi nayo imewahi kuvuta matangi ya maji kuwapelekea watu wa njiani. Fikiria maana yake. Mama wa Kimaasai aliyeamka alfajiri na mitungi yake juu ya punda hatafuti maji ya kaunti wala ya serikali kuu. Anatafuta maji ya kampuni ambayo hana hisa ndani yake na ambayo hakuichagua kwa kura. Katika ukame mkali wa mwaka 2022, ng'ombe wa Kajiado walipokuwa wakifa malishoni, bomba kama hilo lilikuwa mpaka kati ya boma lililobaki na boma lililohama.

Hospitali ni vivyo hivyo. Kwa miaka mingi hospitali ya kampuni ndiyo iliyokuwa tegemeo la eneo zima, kwa mfanyakazi na kwa mfugaji aliyetembea siku nzima kuifikia. Nawapa haki yao walioijenga na walioiendesha. Serikali ilikuwa mbali, na mahali pengi huko bado iko mbali. Mtoto aliyeokolewa na daktari wa kampuni ameokolewa kweli, na mzazi wake hana sababu ya kuuliza mshahara wa daktari umetoka mfuko gani.

Mimi, hata hivyo, nauliza, na nauliza kwa sababu ya mtoto huyohuyo. Alizaliwa Magadi. Akasomea Magadi. Siku baba yake anapofika umri wa kustaafu, familia hukabidhi funguo. Tuchukue mfano wa mfanyakazi aliyetoka Vihiga akiwa kijana wa miaka ishirini na mbili. Kwa miaka yote ya kazi amekuwa na nyumba, maji na hospitali, na kwa hiyo hakulazimika kujenga. Wengine hujenga mapema huko kwao, wenye busara au wenye bahati. Wengi walisomesha kwanza, na ada haikuacha kitu. Siku ya mwisho anapokea malipo yake, anapakia vitanda kwenye lori, na anarudi kijiji alichokijua kama mgeni wa Krismasi. Wanawe, ambao hawajui kuchunga wala kulima shamba la Vihiga, wanaulizwa nyumbani ni wapi. Wanasema Magadi. Na Magadi haina hata sentimita ya ardhi kwa ajili yao. Kuna faraja ya aina fulani ambayo humzuia mtu kujipanga, na mwajiri mwema anaweza kuisababisha bila nia mbaya hata kidogo.

Kuna watakaosema: Magadi haitakufa, kwa nini basi kuhangaika? Hoja hii ina uzito, na naomba tuipime. Dhahabu huisha. Trona ya Magadi, tofauti na madini mengi, hujirudisha, kwa kuwa chemchemi zinaendelea kuleta chumvi na jua linaendelea kukausha. Kwa kipimo hicho Magadi ina maisha marefu kuliko mgodi wowote wa dhahabu katika Afrika Mashariki. Ila mji wa kampuni hauuawi na kuisha kwa madini peke yake. Magadi ya ziwa letu yanashindana sokoni na ya Green River huko Wyoming, Marekani, ambako kuna hazina kubwa kuliko zote duniani, na ya Uturuki, na ya viwanda vya China. Bei ya mafuta ya kuchomea trona ikipanda, au nauli ya reli na meli ikipanda, hesabu inaharibika, hata kama ziwa limejaa mpaka ukingoni. Tuliliona hilo kwa macho. Miaka ya 2000 kampuni ilijenga mtambo mpya wa kutengeneza magadi safi zaidi, ukasifiwa kote, na mwaka 2014 ikaufunga kwa sababu ya gharama. Wafanyakazi waliopoteza kazi hawakupoteza mshahara tu. Katika mji wa kawaida mtu akiachishwa kazi hubaki na paa, hata la kupanga, akatafuta kibarua kwingine mtaani. Magadi kazi na paa ni kitu kimoja, na waajiri wengine hawapo.

Tukitaka kuona mwisho wa njia hii tuvuke mpaka twende Kilembe, magharibi mwa Uganda, chini ya milima ya Rwenzori. Mgodi wa shaba wa Kilembe ulianza uzalishaji mwaka 1956, mwaka uleule reli ilipofika Kasese, kwa fedha na ufundi wa Wakanada wa Falconbridge. Ulijengwa mji bondeni, na hospitali, na shule, na nyumba za wafanyakazi zilizopangwa safu kwa safu. Katika utawala wa Amin serikali iliuchukua mgodi. Vipuri vikaadimika, bei ya shaba ikaanguka, na mwanzoni mwa miaka ya 1980 uchimbaji ukasimama. Nyumba zikabaki. Watu wakabaki, wengine wakiwa watoto na wajukuu wa wachimbaji, katika mji ambao mwenyewe ameondoka. Mwezi Mei 2013 mto Nyamwamba ulifurika na kuingia mjini. Mei 2020 ukafurika tena na kuiharibu hospitali vibaya, wagonjwa wakalazimika kuhamishwa. Katikati ya miaka hiyo mgodi ulikodishwa kwa wawekezaji kutoka China, na mkataba ukavunjwa. Sisemi kwamba mafuriko yalisababishwa na kufungwa kwa mgodi. Mvua za milimani zina sababu zake. Ninachosema ni kwamba wakazi wa bonde lile wamepigwa na maji wakiwa katika nyumba ambazo si zao, na hawajui nani ana jukumu la kuwahamishia mahali salama.

Turudi Kajiado. Kwa miaka kadhaa sasa serikali ya kaunti na kampuni zimefikishana mahakamani juu ya kodi ya ardhi, madai yakihesabiwa kwa mabilioni ya shilingi. Kampuni inashikilia zaidi ya ekari laki mbili kwa mkataba. Kaunti inasema ilipwe kodi ya ardhi hiyo, kampuni inapinga kiwango na namna ya kukikokotoa. Mahakama ifanye kazi yake. Kinachonisikitisha mimi ni kwamba katika kesi nzima mji hauna sauti. Wanaozungumza ni wanaodai na wanaodaiwa. Mfanyakazi wa zamu ya usiku hayumo, wala mchuuzi wa nyanya, wala mwalimu, wala mfugaji wa jirani wa Shompole na Olkiramatian. Mabilioni hayo yakilipwa kesho, hakuna sheria inayosema hata shilingi moja lazima irudi Magadi kutengeneza mtaro.

Sheria ya Madini ya mwaka 2016 inasema mrabaha ugawanywe, asilimia 70 kwa serikali kuu, 20 kwa kaunti na 10 kwa jamii ya eneo la mgodi. Ni hatua nzuri. Lakini jamii ni nani pale Magadi? Mmaasai wa boma la jirani, bila shaka yoyote, na yeye ndiye wa kwanza. Malalamiko ya miaka mingi ya vijana wake kwamba kazi nzuri huenda kwa watu wa mbali yana haki ya kusikilizwa na kujibiwa kwa hesabu za wazi za ajira. Na yule wa kizazi cha tatu aliyezaliwa katika nyumba za kampuni, naye ni jamii au ni mpita njia? Nimewasikia wanasiasa wakilikwepa swali hili kwa sababu jibu lolote lina kura ndani yake. Mimi najibu kwamba wote wawili ni jamii, kwa mpangilio unaoheshimu kwamba mmoja alikuwepo kabla ya kampuni. Nchi iliyomtoa mtu Vihiga akiwa kijana kwa sababu ilihitaji fedha za kigeni za magadi ina deni kwake, kama ilivyo na deni la zamani zaidi kwa mwenye ziwa.

Sitaki kampuni iondoke. Ikiondoka leo, bomba la Nguruman linakauka na hospitali inafungwa, na tutakuwa tumeshinda hoja na kupoteza watu. Nataka mambo machache yafanywe wakati kiwanda bado kinatoa moshi, kwa sababu baada ya hapo hakuna atakayekuwa na fedha wala haraka. Maji yaanze. Bomba liwekwe chini ya chombo cha umma ambamo kaunti, kampuni, wakazi wa mjini na jamii za Nguruman yanakotoka maji wana viti vyenye nguvu sawa, kampuni ikinunua maji yake humo kama mteja mkubwa. Oloibortoto hunywesha mashamba na mifugo ya watu wa juu pia, na hao hawawezi kuachwa nje ya meza. Kisha sehemu ya ardhi ya mji imegwe kutoka kwenye mkataba, ipimwe, itangazwe kuwa mji wenye viwanja, na wa kwanza kuuziwa kwa bei nafuu wawe majirani wa Kimaasai na wafanyakazi waliokaa muda mrefu. Ekari mia chache kati ya laki mbili haziwezi kukisimamisha kiwanda.

Najua yupo atakayesema hakuna mtu mwenye akili atakayenunua kiwanja kwenye joto lile. Aliyesema hivyo hajawahi kumwona mstaafu akitembezwa na wanawe mtaa alimozalia watoto na kuzika rafiki zake, akionyesha nyumba ambamo sasa anaishi mwingine.

Nina ombi kwa wasikilizaji waliowahi kukabidhi funguo, wa Magadi na wa miji mingine ya namna hii, iwe Kilembe, Mwadui au kambi za shaba za Lubumbashi na Kolwezi. Tuandikieni. Mwambieni msikilizaji mwenzenu mlikwenda wapi siku ile, mlijenga au mlipanga, na watoto wenu siku hizi wakiulizwa nyumbani ni wapi wanajibu nini. Barua zenu nitazisoma katika kipindi kijacho, na nakala nitazipeleka kwa wawakilishi wa wadi wa Kajiado Magharibi, ambao ndio wanaopitisha bajeti ya maji.